Siku Tuliposimama Kuwa Ubongo

Asubuhi niliyopoteza maneno nilikuwa nafundisha Kiingereza darasa la sita, katika shule ya msingi pembeni mwa mji wa Kasese. Nilikuwa naibu mwalimu mkuu, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, na shule nzima ilinijua kwa jambo moja: mbele yangu Kiingereza hakikuchezewa. Mtoto aliyesikika akisema Kiswahili uwanjani alibaki kufagia wenzake wakienda nyumbani. Lhukonzo, lugha yetu ya kuzaliwa, niliivumilia kidogo. Kiswahili hapana. Kwangu kilikuwa lugha ya askari na ya wachuuzi wa mpakani, na mimi nilikuwa nimetoka mpakani kwa jasho.

Nilikuwa nimeandika nusu ya sentensi ubaoni. Chaki ikaanguka. Nikainama kuiokota, na mkono wa kulia haukuja. Ulibaki pale pale unaning'inia kama mkono wa mtu mwingine. Watoto wakaanza kucheka. Nikageuka niwaambie watulie, na kilichotoka kinywani ni "ta, ta, ta." Wakacheka zaidi. Kisha msichana wa dawati la mbele akanyamaza ghafla, akanitazama usoni, akatoka mbio kwenda kuita mwalimu mkuu.

Kilikuwa kiharusi. Hospitalini daktari alimweleza mume wangu kwa Kiingereza, akichora kichwa cha mtu kwenye karatasi, na mimi niliyekifundisha Kiingereza hicho miaka ishirini na minane nilikisikia kama redio inayolia nyumba ya pili. Lhukonzo niliielewa. Watu waliponisemesha nilijua wanasema nini. Lakini nilipotaka kujibu, mdomo ulinipa kitu kimoja tu: ta, ta, ta.

Mume wangu ni mkulima wa pamba na mahindi huko Kisinga, mtu asiyependa makelele. Aliketi kando ya kitanda siku nyingi, akinilisha uji kwa kijiko na kunipa habari za shamba. Wageni walikuja kwa wingi. Wengi waliomba na kulia. Mama mmoja akanong'ona, kwa sauti niliyoisikia vizuri, kwamba mwalimu hawezi kuwa bubu hivi hivi, lazima kuna mtu amemfunga ulimi. Mume wangu aliinuka, akamletea mwavuli wake, akamshukuru kwa kuja, akamsindikiza hadi mlangoni. Mvua haikuwa inanyesha.

Baada ya wiki kadhaa mguu ulianza kukubali kubeba mwili. Tukaamua nihamie Bwera, kule mpakani, kwa dada yangu mkubwa, katika nyumba tuliyozaliwa, kwa sababu pale ni karibu na hospitali na mazoezi yangu yalikuwa mara tatu kwa wiki. Mume wangu angekuja kila Ijumaa. Nilikubali kwa kutikisa kichwa. Nilirudi Bwera nimelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, na tulipopita sokoni nilifumba macho.

Dada yangu alikuwa amempangisha chumba cha uani mwanamke mmoja kutoka Kongo. Alikuwa mzaliwa wa upande wa Bunia, akaolewa Beni, na vita vilipozidi alivuka na watoto na mabeseni yake, akaanza upya kwa kuuza samaki wakavu na mawese. Kinande cha kwa mumewe, ambacho ni ndugu wa Lhukonzo yetu, hakukijua sawasawa. Kila mtu, awe askari, padri au mwenye nyumba, alimsemesha Kiswahili.

Siku ya nne nilikuwa nimeketi barazani na shali mabegani. Akapita na beseni kichwani akielekea sokoni.

"Jambo, mama mwalimu. Umeamuka muzuri?"

"Muzuri," nikasema. "Muzuri kidogo."

Alikwenda hatua mbili zaidi ndipo akasimama. Akalishusha beseni polepole, akaliweka chini, akanigeukia.

"Dada!" akapaza sauti kuelekea jikoni. "Dada, kuya mbio! Mutu yako amesema!"

Dada yangu alitoka na mwiko mkononi. Akanishika mabega, akanibembeleza kwa Lhukonzo nirudie. Nikajaribu kwa Lhukonzo. Ta, ta, ta. Uso wake ukasawijika. Yule mwanamke akamsogeza kando kwa adabu.

"Wacha, dada. Usimusemeshe ile. Mama mwalimu, angalia mie. Unataka chai ao maji?"

"Chai," nikasema. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, ya kukwaruza, lakini yangu. "Chai. Tia sukari mingi."

Dada yangu aliketi chini palepale kwenye saruji akalia. Mimi nilikuwa nacheka, na machozi yananitiririka upande mmoja wa uso, maana upande wa pili ulikuwa bado umelala. Samaki hawakufika sokoni siku ile.

Nililazimika kukumbuka Kiswahili hicho kilikotoka. Mama yetu aliuza chumvi ya Katwe katika soko la mpakani, na mimi nilikuwa kitinda mimba asiye na pa kuachwa. Tangu nikiwa na miaka mitano au sita nilishinda kati ya magunia, nikiwasikiliza wanawake wa Kongo wakipatana bei na mama. Nilijua kusema "punguza kidogo" na "ongeza ingine" kabla sijajua hata herufi moja ya Kiingereza. Shuleni nilijifunza kuona aibu nacho, nikakifungia. Kumbe kilikaa huko ndani kizima, chenye chumvi na kelele zake zote.

Mwalimu wangu akawa yule muuza samaki. Kila jioni aliporudi sokoni aliketi mbele yangu na kunionyesha vitu.

"Hii ni nini?"

"Kisu."

"Na hii?"

"Ki... kitu ya kukalia."

"Apana. Iko na jina."

"Kiti."

"Kabisa! Sasa sema: mie niko nakaa pa kiti."

Aliponisahihisha hakunicheka, na nilipokosea mara kumi alirudia mara kumi na moja. Nilifikiria wale watoto na mafagio yao. Nilifikiria mengi.

Ijumaa mume wangu alipokuja, tukapata shida mpya. Yeye Kiswahili chake alikiokota ujanani alipopika katika kambi ya jeshi, kwa hiyo alijua amri tu. Hakujua namna ya kusema "tafadhali, mke wangu." Akajaribu hivyo hivyo. Aliweka sahani mbele yangu, akakaza shingo, akasema:

"Kula!"

"Ndiyo, afande," nikamjibu.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu niugue. Kuanzia hapo mapenzi yetu yaliendeshwa kwa amri. Simama! Tembea! Geuka nyuma! Funga shali! Lala! Alizitoa kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwa afande yeyote, na kila wiki aliongeza neno moja aliloliuliza kwa majirani wakati wa kuja. Siku aliyoniambia "Nimekumisi sana, wewe" alikuwa amelikariri tangu Kisinga, njia nzima, nyuma ya boda boda.

Katika miezi hiyo daktari wa mazoezi aliniuliza kama ningekubali kuonana na watu wa chuo kikuu. Kulikuwa na maabara inayochunguza ubongo, akasema, na walikuwa wanatafuta watu waliopata kiharusi ambao walikuwa na lugha zaidi ya moja. Nikasema waje.

Walikuja watatu: profesa, ambaye ni mwanamke mrefu mwenye miwani mizito; fundi wa mashine; na mwanafunzi wa profesa, msichana aliyesomea Kenya na kujua Kiswahili kizuri. Profesa akanipa karatasi za kutia sahihi, kurasa tano za Kiingereza. Nilizitazama. Herufi zilikuwa zimejipanga vizuri kama wanafunzi, na hata moja haikunijibu. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nikaishika kalamu kwa mkono wa kushoto nitie alama tu, yaishe.

Jirani yangu muuza samaki akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Apana," akamwambia profesa. "Hapa hatuweke kidole pa karatasi yenye hatuyasoma. Banasema nini mule?"

Mwanafunzi akamtafsiria profesa, naye akavua miwani. Nilidhani amekasirika. Akasema, "Mama ana haki," akamgeukia mwanafunzi wake. Asubuhi yote ikapita yule msichana akisoma mstari kwa mstari kwa Kiswahili, na jirani yangu akiuliza maswali mengi kuliko mimi. Walipofika mahali palipoandikwa kwamba utafiti huu hautamponya mgonjwa, jirani yangu akamkatiza.

"Basi inasaidia nani?"

"Labda atakayeugua baada yake," profesa akajibu kupitia kwa mwanafunzi.

Nikasema, "Leta kalamu." Kisha nikaongeza, polepole, maana sentensi ndefu zilikuwa bado zinanichosha: "Lakini mukipata jibu, murudi. Mutuambie."

"Tutarudi, mama."

"Bote banasema vile," jirani yangu akanung'unika.

Kesho yake dada yangu alinifumua nywele, watu wa maabara wakanivika kofia ya kitambaa yenye nyaya nyingi, na kila mahali waya ulipogusa kichwa wakatia ute mzito kama wa bamia. Nikaketi bila kutikisika nikisikiliza maneno masikioni: ya Lhukonzo, ya Kiingereza, ya Kiswahili, na mengine ambayo hayakuwa neno la lugha yoyote. Nilibonyeza kitufe kila niliposikia neno la uongo. Mwishoni mwanafunzi alinigeuzia skrini. Mistari mingi ilikuwa inatetemeka pamoja.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe, mama. Sasa hivi."

Nikapepesa macho. Mistari yote ikaruka. Nikapepesa tena, ikaruka tena. Nilikuwa nimezoea miezi yote kufikiri kwamba kichwani mwangu kumezimika, na hapa palikuwa na shughuli kama siku ya soko.

Nilimuuliza kwa nini Kiswahili kimerudi na zile nyingine zimekawia. Alikuwa mkweli. Hawajui kwa hakika, akasema. Watu walikuwa wakidhani ubongo ni kabati, kila lugha na rafu yake, rafu ikivunjika imekwisha. Wao walikuwa wanaangalia kitu kingine: jinsi sehemu mbalimbali zinavyosemezana, sehemu hii ikiita na ile ikiitika, maana neno moja tu halisemwi na sehemu moja. Nikalibeba hilo jioni ile na siku zilizofuata.

Zaidi ya mwaka ukapita. Lhukonzo ilikuwa imeanza kurudi, kwanza majina ya vyakula, baadaye matusi, baadaye sala. Kiingereza kilijitokeza kwa vipande. Nilikuwa natembea hadi sokoni na fimbo. Ndipo simu ikaja: watu wa maabara wanarudi Bwera kutuletea matokeo. Jirani yangu hakuamini mpaka alipoliona gari lao limeegeshwa mbele ya ukumbi wa kanisa.

Ukumbi ulijaa. Walikuwapo wagonjwa waliovaa ile kofia, wake zao, waume zao, wauguzi, na wengine waliovuka daraja kutoka ng'ambo asubuhi hiyo kwa sababu ndugu zao walipimwa upande huu. Profesa alisimama mbele na picha zake ukutani. Alizungumza Kiingereza, na muuguzi kijana akatafsiri kwa Lhukonzo. Waliotoka Kongo wakawa wanaulizana kwa minong'ono. Ikatokea picha ya kichwa cha mtu, na ndani yake vidoti vya rangi vimeunganishwa kwa mistari mingi. Profesa akasema huo ni mtandao wa ubongo. Muuguzi akatafuta neno, hakulipata haraka, akachukua lililokuwa karibu: wavu, ule wa kunasia samaki.

Ukumbi ukachafuka.

"Wavu?" Mzee mmoja, aliyewahi kuwa wakala wa forodha, alisimama. "Nani ameweka wavu ndani ya kichwa yetu?"

"Si niliwaambia tulifungwa!" mwanamke akasema nyuma yangu. Alikuwa ameshachukua mkoba wake na kumvuta mumewe mkono. Wengine wawili wakainuka. Muuguzi akajaribu kusema kwamba ni wavu mzuri, na hilo likaharibu kabisa. Profesa alikuwa anatazama huku na huku. Hakujua nini kimesemwa.

Nilikuwa safu ya pili. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka fimbo ikigonga sakafu mara mbili, jinsi rula ilivyokuwa ikigonga meza yangu shuleni, na watu wakanyamaza.

"Profesa, ruhusa," nikasema. "Mie nitafundisha."

Mwanafunzi akamtafsiria. Profesa akarudi nyuma hatua moja, akanipa nafasi.

Nikaongea Kiswahili, kile cha soko, ambacho kila mtu mle ndani alikielewa hata kama hakukipenda. "Wale wanataka kwenda, waende. Lakini kwanza nipatie watu kumi na mbili." Hakuna aliyekwenda. Nikawapanga kumi na wawili kutoka mlangoni hadi dirishani, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake, wengi wamejitawanya pande zote mbili, na katikati msururu mwembamba wa watatu tu ukiwaunganisha. Mlangoni nikamweka jirani yangu: yeye ni sikio. Dirishani nikamweka yule mzee wa forodha: yeye ni mdomo. "Neno linaingia huku, linatokea kule. Unamunong'oneza mutu yule umemushika mukono tu. Basi."

Nikamnong'oneza jirani yangu: chumvi. Likaenda mkono kwa mkono, likapita katikati, likafika dirishani.

"Chumvi!" akatangaza mzee. Watu wakapiga makofi.

"Sasa." Nikamshika mtu wa katikati ya msururu, fundi baiskeli mwenye mkono mmoja uliolegea kama wangu. "Wewe kaa chini. Umepata kiharusi."

"Tena?" akasema, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Nikatoa neno lingine. Likaenda vizuri, likafika kwenye pengo, likakwama. Mwanamke aliyelibeba alisimama nalo, mkono wake hewani, akinitazama. Tulikaa hivyo. Nikawaacha wausikie ule ukimya, kwa sababu ndani yake mimi nilikaa wiki nyingi.

"Neno limepotea?" nikauliza.

"Apana," akasema yule mwanamke. "Niko nalo. Haina pa kupita."

"Ndio vile tulikuwa," nikawaambia. "Hakuna mutu alitufunga ulimi. Neno iko. Haina pa kupita." Nikapumzika kidogo, nikaendelea. "Sasa angalieni. Nani alisema mushike mutu moja tu? Nani mwingine iko karibu?"

Wakaanza kujinyoosha. Mmoja akasogea upande wa ukuta, mwingine akanyoosha mkono kupita kiti, njia ndefu ikazunguka karibu na meza ya profesa. Neno likapita huko, likichukua muda wake. Lilipofika dirishani mzee alikunja uso.

"Mu... mukati?"

Lilikuwa "mukeka." Watu walicheka, na mimi nilicheka zaidi yao. "Ni hivyo!" nikapaza sauti. "Ni hivyo mie ninaongea! Pole pole, inafika imevunjika kidogo, lakini inafika! Ile mistari pa ukuta ni mikono yenu. Wavu yote ni hiyo."

Mwanafunzi alikuwa anamtafsiria profesa sikioni bila kupumua. Profesa akasema jambo, na msichana akatuletea: mwalimu amesema vizuri, ila aongeze kwamba si kila njia hufunguka, na wao hawajui bado kwa nini kwa huyu inafunguka na kwa yule inakawia.

Ndipo aliposimama yule mwanamke aliyetaka kuondoka. Mumewe alikuwa seremala, kila mtu Bwera amekalia kiti chake. Tangu augue alikuwa na neno moja tu, "ee," la kukubali, la kukataa, la njaa, la kila kitu.

"Na huyu wangu?" akauliza. "Njia zake zilikufa zote?"

Profesa alisogea karibu naye kabla ya kujibu, na mwanafunzi akawatafsiria. "Sijui, mama. Kuna watu ambao hatukuiona njia mpya katika vipimo vyetu. Siwezi kukudanganya."

Mwanamke alikubali kwa kichwa, akaketi. Ukumbi ukapoa. Sikuweza kuacha mambo yaishie hapo. Nikaenda nikamshika seremala mkono, nikamsimamisha, nikamwingiza katika ile njia ndefu ya ukutani. Na baada yake, kwa kuwa palikuwa na pengo, nikamvuta profesa mwenyewe. Akaja bila kubisha na kuweka miwani mfukoni.

Neno nililichagua kwa makusudi. Mwalimu ni mwalimu. Jirani yangu akalipokea mlangoni, akalipeleka. Likapita watu wanne, likaingia sikio la seremala. Nikaona limefika. Macho yake yalifunguka. Akamgeukia profesa, akafungua mdomo.

"Ee," akasema. "Ee. Ee."

Profesa alisubiri. Mke wa seremala alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Seremala akatikisa kichwa kwa hasira. Kisha akakichukua kiganja cha profesa, akakifungua, akakilaza hewani kama ubao, akakunja ngumi yake ya kushoto na kukigonga. Mara tatu, kwa kipimo, jinsi mtu anayejua kazi anavyogonga.

"Nyundo!" profesa akapiga kelele, kwa Kiswahili kibovu kabisa. "Nyundo! Ni nyundo?"

"Nyundo!" mzee wa dirishani akatangaza kabla hata hajanong'onezwa.

Sijui nani alianza vigelegele. Seremala alikuwa anasema "ee, ee, ee," na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza ni "ee" ya nini. Mkewe alipita kati ya viti, akamkumbatia yeye, akamkumbatia profesa, akaja kwangu. "Wasingya," akaniambia, asante kwa Lhukonzo, "wasingya." Na mimi nikamjibu kwa Lhukonzo, sentensi nzima, bila kuitafuta. Dada yangu tu ndiye aliyeliona hilo. Alikuwa karibu na mlango, amejishika mdomo.

Wiki iliyofuata profesa aliniomba niende nao Kasese. Mkutano wa pili ulikuwa wa madaktari, viongozi wa wilaya na walimu. Niliogopa, nisiseme uongo. Walimu wa shule yangu wangekuwapo, na wao walinikumbuka na Kiingereza changu kilichopigwa pasi. Mume wangu aliinunulia fimbo yangu mpira mpya wa chini, akanivalisha gomesi, gauni letu la sherehe, akasimama mbele yangu.

"Mbele tembea!" akasema.

Nikatembea. Jirani yangu alikuja pia, kwa sababu nilimwambia profesa kwamba bila sikio langu siendi. Niliwapanga madaktari na walimu kama nilivyowapanga wauza samaki na mafundi baiskeli. Mwalimu wangu mkuu ndiye niliyemkalisha chini kwa kiharusi, naye akaketi sakafuni na suti yake bila kinyongo. Neno lilipokwama, daktari mmoja mkubwa akasahau kanuni na kulipayuka kwa sauti. Nikamrudisha mwanzo wa mstari, na watu wakacheka hadi wakafuta macho. Baadaye akaniuliza swali refu kwa Kiingereza, kuhusu ni kwa muda gani mgonjwa aendelee kusemeshwa baada ya kunyamaza. Nililielewa swali lote. Nilisimama nalo kidogo, nikilifurahia, kisha nikamjibu kwa Kiswahili: asemeshwe kila siku, kwa kila lugha aliyowahi kuisikia, hata ile anayoidharau.

Profesa alinipa kipaza sauti nimalizie. Nilimwita jirani yangu asimame. Nikawaambia huyu ndiye mwalimu wangu. Ukumbi mzima wa watu wenye vyeti ulimsimamia muuza samaki na kumpigia makofi, naye akashika fulari yake kichwani na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mama mwalimu, unanipatisha haya," huku ameinua kidevu.

Mwalimu mkuu alinishika mkono nje, chini ya jua. Aliniuliza nitarudi lini darasani. Wizara inataka Kiswahili kifundishwe sasa, akasema, na hana mtu. Nikamwambia siku mbili kwa wiki, zaidi ya hapo siwezi, Alhamisi zote nina kazi Bwera.

Kazi yenyewe ni hii. Kila Alhamisi asubuhi tunakutana katika ukumbi ule ule, wagonjwa na watu wao. Mwanafunzi wa profesa huja mara moja kwa mwezi na kofia yake, hutuonyesha mistari, hutuambia walichokiona na wasichokielewa, nasi tunamuuliza. Siku nyingine tunajifanyia wenyewe: majina ya vitu, nyimbo za kanisa, kutukanana kwa utani. Seremala sasa ana maneno matano na mikono miwili inayosema yaliyobaki.

Alhamisi iliyopita waliletwa wageni kutoka Nyakalengija, mpagazi wa kubebea watalii mizigo mlimani na mkewe, wameshuka kwa boda boda tangu alfajiri. Mke alikuwa na miezi miwili bila neno. Aliketi mwisho wa benchi, mikono mapajani, akitazama sakafu. Tulimsalimia kwa Lhukonzo, kwa Kiswahili, kwa Luganda, kwa Kiingereza. Hakuna kitu. Mumewe alieleza kwamba ujanani mkewe alipika katika kambi za wageni huko juu, kwa hiyo huenda ana hata Kifaransa, hajui.

Jirani yangu akamletea chai. Kwa mkono wake mzito akatia sukari kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipozamisha kijiko mara ya nne, yule mwanamke akaufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja.

"Hapana," akasema.

Mumewe aligeuka. Mwanamke mwenyewe alikuwa ameshtuka kuliko sisi, mkono bado juu ya kikombe.

"Hapana nini, mama?" nikamuuliza.

Alifikiri. Midomo ilijaribu mara mbili.

"Mingi," akasema. "Sukari mingi. Hapana."

Seremala akaanza kugonga meza kwa ngumi. Nikamwambia mpagazi avute kiti akae karibu, maana asubuhi ilikuwa bado ndefu, nikamwonyesha mkewe kikombe na kumuuliza hiki kinaitwa nini.